Mkono Juu ya Kizibo

Kwetu soda za wakwe hazifunguliwi mpaka zisemewe. Zamani ilikuwa pombe ya ndizi, na kabla mtu hajaionja, msemaji wa wageni alisimama akaieleza: imetoka wapi, imebebwa na nani, imekuja kutafuta nini. Kisha msemaji wa wenyeji alisimama akajibu. Tulipookoka, wachungaji waliiondoa pombe lakini neno lilibaki. Kwa hiyo leo hapa Rungwe Mpya utakuta kreti nane za soda zimepangwa katikati, chini ya turubai, jua kali, watoto wamezikodolea macho, na hakuna anayegusa kizibo mpaka pande mbili zimalize. Neno lile tunaliita ijambo. Kilichosemwa kwenye ijambo kinafunga. Kisichosemwa hakipo. Na soda ikishafunguliwa, yaliyosemwa yamekubaliwa jinsi yalivyo. Kama ulikuwa na la kuongeza, utalimeza pamoja na soda yako.

Nikiwa chuo kikuu niliwahi kuwasimulia wenzangu desturi hii kama kichekesho. Walikuwa wawili, chumbani. Wangekuwa kumi nisingesimulia.

Mwaka ninaousimulia, wakwe waliokuwa wanakuja walikuwa wa mdogo wangu wa kike. Alikuwa amemaliza mwaka wa pili chuo cha uuguzi, akabakiza mmoja. Kijana mwenyewe anauza misumari na mabati Murungu, upande wa Kibondo. Nilimchunguza nikitafuta kasoro, sikupata ya maana. Tatizo lilikuwa mama yake. Alikuwa mgonjwa mgonjwa, alitaka mkwe nyumbani kabla ya mvua za kwanza, na mtu akiingia nyumba ile na jembe kabla ya mvua, chuo ndiyo basi. Kijana alimwahidi mdogo wangu kwamba atamaliza masomo, lakini alimwahidi kwenye simu, na ahadi ya simu hailetwi mbele ya watu.

Aliyekuwa akitusemea siku zote, kaka yake babu, alifariki mwaka uliotangulia. Baba wa binti hasemi siku hiyo. Anakaa kimya kama mgeni kwenye nyumba yake. Waliobaki ni wawili: baba mdogo, ambaye hununua maharage Murungu na hataki kumuudhi mtu yeyote wa huko, na mimi.

Mdogo wangu alinifuata nikiwa nachambua maharage uani.

"Baba mdogo atasema ndiyo kwa kila kitu," aliniambia. "Sema wewe."

"Mimi siwezi, unanijua."

"Mimi siku ile nitakuwa ndani na shangazi, siruhusiwi hata kukohoa. Wewe unaruhusiwa, hutaki. Sasa kati yetu nani mwenye shida?"

Niliendelea kuchambua. Jioni alimweleza baba, na baba, ambaye hasemi sana, alisema maneno mawili matatu yaliyonifungia mlango. "Nimekusomesha miaka kumi na sita. Utasimama."

"Huyu?" baba mdogo akacheka. "Huyu ukimuuliza jina lake anaomba muda wa kufikiri."

Alikuwa hakosei sana. Babu yangu alivuka kutoka Burundi akiwa na mkeka na mke, na karatasi zetu za uraia zilipopatikana baadaye sana ziliwekwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya sanduku la bati, zikafunikwa kwa nguo. Nyumbani hatukufundishwa kwa maneno, lakini tulielewa: anayenyamaza haulizwi kwao ni wapi. Nikiwa darasa la tano mwalimu alinisimamisha mbele nisome insha yangu. Sauti kutoka nyuma ikasema, "Tulieni, Mrundi anahutubia." Darasa likacheka, na mwalimu akacheka kidogo kabla hajajizuia. Sina hakika kama ndicho chanzo. Kuna mwenzangu alichekwa siku ileile kwa jambo lilelile, leo ni mwenyekiti wa kijiji. Lakini mwili wangu uliamua, haukuniuliza. Tangu hapo nikisimama mbele ya watu zaidi ya watano, masikio yanajaa mvumo kama nimezamishwa majini, na naanza kuhesabu milango.

Chuo kikuu nilisomea takwimu nikapita bila kusimama. Kila kazi ya kikundi niliiandika yote mimi, mwingine akaenda kuiwasilisha. Wote walinisifu kwa bidii. Hakuna aliyejua kwamba nilikuwa nanunua ukimya wangu kwa usiku wangu.

Nilipohitimu nilipata mkataba wa miezi sita wa kukusanya takwimu katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Nilipangwa kuzunguka na mhamasishaji mmoja, Mkongo aliyenizidi miaka kama kumi, aliyekuwa amekulia mlemle kambini. Kazi yake ilikuwa kutangaza: chanjo, maji, mgao, mkutano. Alikuwa na kipaza sauti cha mkononi kilichofungwa kwa waya mahali pa mpini. Siku moja mafua yalimnyang'anya sauti, akanikabidhi kile kipaza nitangaze kwamba foleni ya kuandikisha watoto imehamishiwa karibu na kanisa. Sentensi moja tu. Nilibonyeza, nikakiweka mbele ya mdomo, nikasimama. Watu wakageuka. Nikaendelea kusimama.

Mama mmoja aliyekuwa anauza mandazi akasema, "Papa, ndani ya ile kitu inatoka mupepo tu."

Wakacheka. Mhamasishaji akakichukua, akatangaza kwa sauti iliyokwaruza kama mlango wa bati. Tulipokuwa tunaondoka aliniambia, "Ulikishika vizuri."

Nilidhani ananisimanga. "Sijasema hata neno."

"Minajua. Lakini wengine wanakibandika ku mudomo, kinalia, bantu wanakimbia. Wewe ulikiweka mbali kidogo. Ile haifundishwe siku moja."

Nilikasirika njia nzima. Nilipofika nyumba niliyopanga nikakumbuka kwamba kweli, nilikuwa nimekiweka mbali kidogo.

Mkataba ulipokwisha nilirudi Rungwe Mpya kuchambua maharage na kutuma maombi ya kazi yasiyojibiwa. Yeye alibaki kambini. Kutoka nje ya kambi kulihitaji kibali, na kibali hakitolewi kwa sababu rafiki yako ana ijambo. Kwa hiyo baba alipotamka yale ya miaka kumi na sita, nilimwandikia Mkongo wangu, nikamweleza yote. Akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Rekodi, tuma. Mingine tutaona."

Kila alasiri nilikwenda nyuma ya shamba la mihogo na simu. Ningeweza kuongea na mihogo, mihogo haicheki. Rekodi ya kwanza ilikuwa ya dakika moja na nusu. Nilianza na methali tatu nilizozipata mtandaoni, nikaeleza umuhimu wa elimu kwa mtoto wa kike, na mwishoni, kwa kuwa sikuwa na la kusema tena, nikataja jinsi mdogo wangu anavyosoma jikoni, tochi ya simu imefungwa kichwani kwa kitambaa, huku anasonga ugali.

Jibu lilikuja kesho yake. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kuku na mtoto anayelia.

"Bon. Ile ya tochi, pale nilikuwa nafagia, nikaacha kufagia. Nilimuona yule binti. Iko muzuri sana. Zile methali, ile ni ya bantu wengine, uwarudishie."

Nikamwandikia: niambie makosa, nisaidike.

"Makosa yako unayajua, umeishi nayo miaka mingi. Minakuambia ile haujue."

Hili lilinisumbua. Mtu aliyesomea takwimu hawezi kuamini msikilizaji mmoja, tena rafiki, tena mwenye moyo mwema. Je, kama ni mtu wa kusifu tu? Kazi yake ni kuhamasisha. Huenda hata mbuzi angemwambia analia vizuri. Rekodi ya pili alisifu mahali nilipovuta pumzi. Ya tatu alisema sauti yangu ni ndogo lakini haitetemeki nikitaja kitu nilichokiona kwa macho. Nilisikiliza tena na tena nikitafuta uongo. Kadiri nilivyotamani kumwamini ndivyo nilivyozidi kumshuku.

Basi nikamtega. Nilichukua hotuba fulani ya mahafali kutoka mtandaoni, nikaisoma mbio, bila kituo, bila moyo, nikatuma kama vile ni kazi yangu mpya. Kama angesifu, ningejua.

Alikaa siku mbili. Siku mbili zile nilitembea uani kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Kisha:

"Ndugu yangu, uko muzima? Hii nilisikia mara tatu, sikupata kitu cha kuchukua. Hakuna. Ni mutu anakimbizwa na nyuki. Pumua, tuma ingine."

Nilicheka peke yangu kwenye mihogo hadi mama akaniita kuuliza kuna nini. Sijawahi kufurahishwa vile na mtu kunikatalia. Kama angeweza kusema hakuna, basi pale aliposema kuna, kulikuwa nacho. Sikumwambia kwamba nilikuwa namtega. Nilituma nyingine, na nyingine. Lakini uoga wenyewe haukuondoka, na nisingependa kuandika kana kwamba uliondoka. Nililala naliona lile turubai. Nilifikiria kuugua. Nilifikiria kwenda Kasulu mjini asubuhi ile, simu izimike, gari liharibike. Mdogo wangu alikuwa ananitazama wakati wa kula, na mimi nilijua kwamba ananihesabia milango na anaifunga mmoja mmoja.

Siku ilipofika, turubai lilifungwa kati ya nyumba na jiko, turubai jeupe ambalo baba alilinunua kwa watu wakati kambi ya Mtendeli inafungwa. Kiti changu kilikuwa mstari wa mbele. Nyuma yangu ukuta wa nyumba. Kulia baba. Kushoto baba mdogo, kifungulio cha soda kimening'inia kidoleni kwake kwa uzi. Mbele yangu kreti nane, na ng'ambo ya kreti watu wa Murungu, suti na vitenge, kama thelathini. Hapakuwa na pa kupita bila kuruka soda.

Tulisalimiana kwa makofi ya viganja, makofi marefu ya kikwetu, mchungaji akaomba, kisha msemaji wa wageni akasimama. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti tamu, na aliijua. Akasema wametoka Murungu wakifuata harufu, wameona ua, ua liko katika bustani hii. Akasema soda hizi ni za kuomba ua lile. Akasema mama wa kijana anaumwa miguu, nyumba haina mikono, kwa hiyo wanaomba, kwa unyenyekevu, kabla ya mvua za kwanza walichukue ua lao. Kuhusu chuo hakutaja hata neno. Yule kijana alimtazama msemaji wake, kisha akatazama viatu vyake. Akaketi msemaji, watu wakapiga makofi.

Zamu yangu. Nilisimama. Masikio yakajaa maji. Niliona midomo ya watu, sikusikia kitu. Nililitafuta neno la kwanza nililolizoea kule kwenye mihogo, halikuwepo. Sijui nilisimama muda gani. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu anasali?" na mahali fulani kicheko kikaanza, kilekile cha darasa la tano.

Baba mdogo akainuka. "Wakwe, kijana amelemewa na furaha," akasema, watu wakacheka zaidi. "Sisi hatuna neno kubwa. Mmesema, tumesikia." Akainama kwenye kreti ya kwanza, akachomoa chupa, akaweka kifungulio.

Sikupanga nililofanya. Niliweka kiganja changu juu ya kizibo.

Hapakuwa na aliyewahi kuona jambo kama lile, na mimi pia sikuwahi. Baba mdogo akaninong'oneza kwa Kirundi niondoe mkono, nisilete aibu. Sikuondoa. Hapo ndipo nilipoona nilichojifanyia: nikiutoa mkono bila kusema, mdogo wangu amekwenda. Nisipoutoa bila kusema, mimi ni mwehu. Njia iliyobaki ilikuwa moja.

"Huyu mnayemwita ua," nikasema. Ilitoka kama kikohozi. Nikavuta pumzi pale nilipoambiwa kwamba huwa navuta vizuri. "Huyu mnayemwita ua, mimi namjua jikoni. Anasoma huku anasonga ugali. Taa ya sola tunayo moja, iko kwa mama. Yeye anafunga tochi ya simu kichwani kwa kitambaa, daftari linaegemea sufuria ya maharage. Anataja majina ya mifupa. Akikosea mmoja anaanza upya kutoka kichwani, na ugali unaungua."

Wakacheka. Nikageuza macho kwenye kizibo. Kisha nikaona kwamba walikuwa wananiangalia mdomoni, wanasubiri.

"Kila likizo, miaka miwili, tumekula ugali ulioungua. Baba amekula. Baba mdogo amekula, muulizeni. Hatukulalamika, kwa sababu tulijua una mwisho. Amebakiza mwaka mmoja. Mikono mnayoitafuta ni hii, lakini haijaiva. Ukoo wetu unasema hivi: amalize. Akimaliza, njooni na gari lenu, hatutawaweka mlangoni. Kama hilo kwenu haliwezekani, soda ni nzuri, tunashukuru, ila zitarudi Murungu zikiwa na vizibo vyake."

Sentensi ile ya mwisho sikuwa nimeirekodi popote. Sijui ilitoka wapi. Nilipoisikia nikataka kuifuata niirudishe.

Msemaji mnene alisimama taratibu. "Wenyeji, mtuwie radhi, tunatoka kidogo." Wakatoka wanane, wakaenda kusimama karibu na migomba kushauriana. Tuliobaki tukangoja. Hiyo ndiyo sehemu iliyokuwa mbaya kuliko zote. Jua lilikuwa limeingia chini ya turubai, mkono wangu bado ulikuwa juu ya kile kizibo, umeanza kufa ganzi, na sikujua kama desturi inaniruhusu kuutoa.

"Umeharibu," baba mdogo alisema bila kufungua meno.

Baba alikuwa anatazama chini. Dirishani kwa ndani niliona pazia likisogea.

Walirudi. Msemaji hakukaa. "Tumeongea na mama kwa simu," akasema. "Amecheka sana. Anasema kwake wanapenda ugali mweupe, kwa hiyo asome hiyo mifupa huko huko, aje akiwa ameimaliza." Akangoja watu wacheke. "Tunaomba jambo moja: likizo aje Murungu kumsalimia mama. Mwaka mmoja tutasubiri. Nimesema."

"Tumesikia," nikajibu. Nikautoa mkono. Baba mdogo alinipa kifungulio, na kwa kuwa chupa ilikuwa imekaa juani, povu liliruka likanilowesha suruali yote mbele ya wakwe. Ndani ya nyumba shangazi zangu walipiga vigelegele, na katikati yake nikasikia mdogo wangu akikohoa, kwa makusudi.

Baba mdogo alikunywa soda mbili bila kuniangalia. Baadaye alisema, "Ile ya kurudisha soda ulipitiliza. Lakini ilifika." Baba alisema tu, "Nimesikia," kama mimi nilivyowaambia wakwe.

Nilimtumia Mkongo ujumbe. Aliomba rekodi, hakuna aliyerekodi. "Basi nisimulie," akasema, na nilimsimulia kwa sauti, dakika tisa, bila kuandika kwanza. Nilipomuuliza kama yeye hajawahi kuogopa, alicheka. Alisema ametangaza maelfu ya mambo katika maisha yake na hakuna hata moja aliloliamua yeye. Nilikaa na jibu hilo siku nzima. Sikuwa na la kumsifia ambalo lingemfaa.

Wiki ya pili mdogo wangu aliondoka. Tulibeba sanduku lake hadi barabarani kabla jua halijachomoza, tukangoja gari la Kasulu.

"Kaka, ugali haukuwa unaungua kila mara," aliniambia.

"Najua."

"Ulisema miaka miwili."

"Ungependa niende Murungu nikarekebishe?"

Akanisukuma bega. Gari likaja, kondakta akatupa sanduku juu, na yeye akapanda bila kugeuka, kwa sababu alikuwa anagombea kiti cha dirishani. Nilisimama pale vumbi likanipita. Nikajaribu kujipima kama mtakwimu: nilikuwa bado sina kazi, bado naogopa, na nilikuwa nimesema hadharani mara moja. Mara moja haithibitishi kitu.

Nilipofika nyumbani nilikuta wanaume wawili wa mtaa wa juu wamekaa uani na baba, kofia magotini. Kijana wao alikuwa anaoa Kibondo, Jumamosi ya tatu kutoka pale, wakwe wagumu, na walikuwa wanatafuta mtu wa kusimama. Walinisalimia kwa makofi, kama mzee. Nilianza kuwaeleza kwamba ile ilikuwa mara moja tu, kwamba sauti yangu ni ndogo, kwamba huenda nikapata kazi mbali kabla ya hapo.

Walinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. Kisha wakasimama, wakavaa kofia zao, wakamshukuru baba. Baba alikuwa ameshakubali.